Kupanga Likizo Mombasa: Mwongozo kwa Msafiri Anayelipa kwa Jasho Lake

Jamii nyingi za bara hujinyima mwaka mzima ili wakati wa Pasaka au mwezi wa Disemba wapate siku chache za kupunga upepo wa bahari mjini Mombasa. Fedha za safari hiyo hutoka katika chama, katika mshahara au katika faida ya duka dogo. Si fedha za kuchezea. Hata hivyo, mtu ambaye hamnunui kuku sokoni kabla ya kumpima kwa mkono na kumtazama macho, huyo huyo hutuma maelfu ya shilingi kwa mtu asiyemjua, kwa ajili ya nyumba asiyoiona, kwa sababu tu picha zilimpendeza.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuipanga likizo hiyo ili kila shilingi ifanye kazi iliyokusudiwa. Yanafuata mpangilio ambao msafiri mwenyewe anafaa kuufuata: majira kwanza, kisha hesabu, njia ya kusafiri, malazi, na mwisho hatua za kuchukua iwapo mambo yataharibika.

Chagua majira kabla ya kuchagua hoteli

Bei ya malazi Mombasa hupanda na kushuka kwa kufuata kalenda ya shule na sikukuu. Wiki mbili za mwisho wa Disemba, Pasaka, Idi na likizo za Aprili na Agosti ndizo ghali zaidi, na ndizo tikiti za usafiri huadimika. Mwenye uhuru wa kuchagua tarehe anaweza kupata chumba kilekile kwa bei nafuu zaidi majuma machache kabla au baada ya msongamano huo.

Bei nafuu, lakini, huwa na sababu. Masika huanza takriban Machi na kuendelea hadi Mei, na mwezi wa Mei ndio huwa na mvua nyingi zaidi. Siku hizo huenda mvua ikanyesha asubuhi nzima, barabara zikafurika na bahari ikachafuka. Mvua za vuli, kati ya Oktoba na Disemba, kwa kawaida huwa nyepesi. Miezi ya Januari hadi Machi, wakati upepo wa kaskazi unavuma, ina jua kali, na joto la mchana hufika nyuzi 32 au zaidi. Julai na Agosti, wakati wa kusi, hali huwa ya wastani, takriban nyuzi 28, ingawa upepo huwa na nguvu na bahari huwa na mawimbi. Mwenye mtoto mchanga au mzazi mzee asiyestahimili joto huenda akaifurahia Agosti kuliko Februari.

Lipo jambo jingine ambalo wageni wengi hawalifikirii: kupwa na kujaa kwa maji. Katika pwani hii tofauti ya kina kati ya maji makuu na maji kupwa huweza kuzidi mita 3 wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu. Siku hizo maji hupwa sana mwendo wa saa nne au saa tano asubuhi, na ufuo ulioonekana kwenye picha ukiwa umejaa maji ya buluu hugeuka uwanja wa mchanga na mwani hadi kwenye mwamba. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua. Ikiwa lengo lako kuu ni watoto waogelee, tazama jedwali la maji au uulize hotelini kabla ya kuthibitisha tarehe. Ikiwa wapenda kutembea hadi mwambani, bamvua ndiyo siku yako.

Hesabu safari nzima, si chumba pekee

Kosa la kawaida katika bajeti ya likizo ni kuichukua bei ya chumba kama gharama ya safari. Anza kwa kuuliza bei hiyo inahesabiwaje. Tangazo linalosema “shilingi 8,000 kwa usiku” laweza kumaanisha chumba kizima, au kila mtu anayelala chumbani. Kwa mume na mke, maana ya pili ni shilingi 16,000.

Kisha uliza kama bei hiyo inajumuisha kodi. Hoteli hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na kuna ushuru wa utalii wa asilimia 2. Chukua mfano wa chumba cha shilingi 8,000 kwa usiku nne. Ikiwa bei imetangazwa bila kodi, shilingi 32,000 ulizotarajia zitakuwa shilingi 37,760 siku ya kuondoka. Hizo shilingi 5,760 za ziada zingeweza kuwa nauli ya kurudi nyumbani.

Hatua ya tatu ni kujua unalipia nini mezani. Malazi na kifungua kinywa pekee, malazi na milo miwili, na malazi na milo yote ni bidhaa tatu tofauti. Bei iliyo chini huenda ikawa ghali zaidi ikiwa hoteli iko mbali na mikahawa mingine na kila chupa ya maji inanunuliwa kwa bei ya hoteli. Uliza pia watoto wa umri gani hulala bure na wa umri gani hulipiwa, na kama wakati wa Krismasi kuna chakula cha sherehe ambacho kila mgeni hulazimika kukilipia.

Nyumba za kupangishwa na wageni zina maswali yake. Je, stima imo katika kodi, au mgeni hununua tokeni mwenyewe? Kiyoyozi kikifanya kazi usiku kucha, tokeni huisha upesi. Je, kuna maji ya kutosha? Mombasa ina upungufu wa maji wa miaka mingi, na mitaa mingi hupata maji ya mfereji kwa zamu. Nyumba nzuri isiyo na tangi wala kisima itawafanya mnunue maji ya mikebe huku mkiwa mmelipa kodi kamili.

Mwisho, tenga kiasi kidogo ambacho hakitaguswa isipokuwa kwa dharura: dawa, usiku mmoja wa ziada, au nauli iliyopanda ghafla.

Kufika, na kufika unakokwenda

Msafiri anayetoka Nairobi ana njia tatu kuu. Ndege hutua katika Uwanja wa Kimataifa wa Moi, ulio upande wa bara wa magharibi. Na wanaokwenda Diani wanaweza kutua Ukunda. Basi huchukua sehemu kubwa ya siku au usiku mzima, kwa umbali wa takriban kilomita 480. Treni ya Madaraka Express, iliyozinduliwa mwaka 2017, huchukua saa tano hadi sita.

Tikiti ya treni hununuliwa kupitia tovuti rasmi ya Shirika la Reli au kwa kubonyeza *639# kwenye simu, na hulipiwa kwa M-Pesa. Jina na nambari ya kitambulisho kwenye tikiti lazima vilingane na kitambulisho utakachoonyesha kituoni. Kwa hiyo tikiti iliyonunuliwa kwa jina la mtu mwingine, ambayo walanguzi huuza msimu wa sikukuu, yaweza kukuacha langoni. Nunua mapema, na ununue tikiti ya kurudi siku hiyohiyo. Wengi hufika Mombasa wakiwa na furaha, kisha wakagundua kwamba Januari imekaribia na viti vimekwisha.

Kumbuka pia kwamba kituo cha treni hakiko katikati ya jiji. Kiko Miritini, na kutoka hapo utahitaji matatu, teksi au gari la hoteli. Wanaokwenda Nyali, Bamburi na Shanzu huvuka kisiwa na daraja la Nyali. Wanaokwenda Diani na Tiwi wana njia mbili: kivuko cha feri cha Likoni, au barabara ya Dongo Kundu ambayo inaunganisha upande wa Miritini na Kwale bila kupanda feri. Kivukoni watembea kwa miguu hawalipi, magari hulipa. Jioni na siku za sikukuu foleni ya magari Likoni huwa ndefu, na anayerudi nyumbani kwa treni au ndege asiikadirie kwa dakika chache.

Linganisha saa ya kufika na saa ya kupokelewa. Ukishuka alfajiri ilhali hoteli hufungulia wageni vyumba adhuhuri au baadaye, uliza mapema kama mtaweza kuacha mizigo na kama kuna malipo ya kuingia mapema.

Nyumba isiyokuwapo

Udanganyifu unaoumiza zaidi katika likizo za pwani ni wa nyumba ambayo haipo, au ipo lakini anayeipangisha si mwenyewe. Hutendeka hivi. Tangazo lenye picha safi huwekwa katika mitandao ya kijamii. Bei yake ni ya chini kuliko za nyumba jirani, lakini si ya chini kiasi cha kutilia shaka. Anayejibu ujumbe ni mpole, hujibu upesi, na husema kwamba kuna mteja mwingine anayeitaka nyumba hiyo tarehe zilezile. Huomba arubuni ya nusu ya kodi “ili nikushikie.” Mteja hutuma fedha kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Siku ya kufika, simu imezimwa, na mlinzi langoni hajawahi kulisikia jina hilo.

Nguvu ya ulaghai huu ni haraka. Mlaghai hahitaji uamini kila neno. Anahitaji tu ulipe kabla hujapata muda wa kuuliza. Kinga yake, basi, ni kuurudisha muda huo mikononi mwako kwa hatua hizi:

1. Tafuta picha hizo mtandaoni kwa kutumia programu ya kutafuta kwa picha. Ukizikuta chini ya jina jingine au katika nchi nyingine, umepata jibu.

2. Omba kuonyeshwa nyumba kwa simu ya video, na umwombe anayekuonyesha atoke nje hadi langoni na barabarani. Mwenye nyumba halisi hatapata taabu.

3. Ukiwa na ndugu, jirani wa zamani au rafiki anayeishi Mombasa, mwombe apite hapo. Nauli ya matatu utakayomrudishia ni ndogo kuliko arubuni.

4. Hoteli na mawakala wa safari hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Omba nambari ya leseni, kisha uulize Mamlaka yenyewe kama ni halali. Usitosheke na picha ya cheti uliyotumiwa, kwa kuwa picha hubadilishwa kwa urahisi.

5. Lipa kwa nambari ya biashara, na usome jina linalojitokeza kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo. Jina likitofautiana na lile la hoteli, acha hapo na upige simu kwa nambari uliyoitafuta mwenyewe, si uliyopewa na anayeomba fedha.

6. Usitume picha ya kitambulisho chako kwa mtu ambaye hujathibitisha ni nani. Hoteli ina sababu ya kukiona unapofika. Mgeni wa mtandaoni hana sababu ya kukihifadhi.

Ikiwa baada ya hatua hizi bado una shaka, lipa arubuni ndogo iwezekanavyo, na salio ulilipe utakapoikabidhiwa nyumba. Anayekataa mpango huo bila sababu ya maana amekusaidia kuamua.

Masharti ni sehemu ya bei

Chumba cha bei nafuu ambacho fedha zake hazirejeshwi ni ghali kwa mtu ambaye mtoto wake anaweza kuugua usiku wa kuamkia safari. Kabla ya kulipa, pata majibu yaliyoandikwa kwa maswali matatu: nikifuta safari, nitarejeshewa kiasi gani na hadi lini? Nikitaka kubadilisha tarehe, nitatozwa nini? Na ninyi mkishindwa kunipa chumba nilicholipia, mtanifanyia nini?

Sheria iko upande wa mtumiaji katika jambo hili. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, kupewa taarifa anazohitaji ili anufaike nazo, kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu huduma. Inamtaka pia anayeuza kwa njia ya intaneti amweleze mnunuzi mambo muhimu kabla ya makubaliano, na ampe nafasi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa.

Haki hizo huhitaji ushahidi. Hifadhi tangazo kama lilivyokuwa siku uliyolipa, kwa kupiga picha ya skrini. Hifadhi jumbe zote, ujumbe wa M-Pesa na risiti. Ahadi iliyotolewa kwa simu, kwa mfano “chumba kinatazama bahari,” ifuatishe kwa ujumbe mfupi: “Nashukuru kwa kunithibitishia kwamba chumba kinatazama bahari.” Jibu la “ndiyo” linatosha.

Ufuoni na jijini

Ufuo wa bahari nchini Kenya ni mali ya umma. Hoteli inaweza kukuzuia kupita katika uwanja wake, lakini haiwezi kujimilikisha mchanga unaofikiwa na maji. Ndiyo sababu si lazima ulale katika hoteli ya ufuoni ili kuufurahia ufuo. Jamii inayolala mtaani inaweza kufika katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, kwa nauli ya matatu.

Unapokodi mashua, ngamia au boya la kuogelea, patana bei kabla ya kupanda: ni ya mtu mmoja au ya wote? Ni ya muda gani? Je, inajumuisha kiingilio cha hifadhi ya baharini? Hifadhi ya Baharini ya Mombasa husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na kiingilio chake hulipwa kwa utaratibu wa serikali wa eCitizen, wala si mkononi mwa nahodha. Usipande mashua ambayo haina jaketi la kuokolea la kila abiria, watoto pamoja. Plastiki za kutumiwa mara moja, kama chupa za maji na mirija, zimepigwa marufuku katika hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020; beba chupa ya kujazwa tena.

Mjini, Ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 na ambayo iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011, ina viingilio tofauti kwa raia, wakazi na wageni. Beba kitambulisho ili ulipe kiwango chako. Huna lazima ya kuchukua mwelekezi anayekufuata kutoka barabarani. Ukimhitaji, muulize ada yake kwanza. Vivyo hivyo kwa tuktuk: bei hutajwa kabla ya kuketi. Katika mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa mchana, na heshima ya mavazi na ya kula hadharani hupokewa vizuri na wenyeji.

Afya

Mombasa ni eneo la malaria. Anayetoka maeneo ya baridi, kama vile Nairobi, Nyeri au Eldoret, hana kinga aliyonayo mwenyeji. Uliza kama vitanda vina vyandarua visivyotoboka, na uzungumze na mhudumu wa afya kabla ya safari, hasa ikiwa kuna mjamzito au mtoto mdogo. Homa inayoanza majuma kadhaa baada ya kurudi ipimwe mara moja, na mweleze daktari kwamba ulikuwa Pwani. Wenye kutumia dawa za kila siku wabebe za kuzidi siku za safari kidogo, wala wasiziweke katika mkoba wa kupakiwa mbali nao.

Mambo yakiharibika

Ukikuta chumba si ulicholipia, lalamika papo hapo, kwa meneja, kabla ya kufungua mizigo. Piga picha za kasoro. Eleza unachotaka: chumba kingine, punguzo au kurejeshewa fedha. Lalamiko linalotolewa siku ya kuondoka huwa dhaifu, kwa kuwa umeshaitumia huduma.

Ukituma fedha kwa nambari isiyo sahihi kupitia M-Pesa, peleka ujumbe wa muamala huo kwa 456 bila kuchelewa. Fedha zikishatolewa na mpokeaji, kuzirudisha huwa vigumu. Ukitapeliwa, ripoti katika kituo chochote cha polisi na udai nambari ya kitabu cha matukio. Ripoti hiyo ndiyo mlango wa hatua nyingine zote, na huenda ikamwokoa msafiri anayeongea na mlaghai yuleyule wakati huo.

Lalamiko kuhusu hoteli au wakala mwenye leseni lipeleke kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Lalamiko kuhusu matangazo ya kupotosha au ada zilizofichwa linaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Na ikiwa unamjua anayekudai au unayemdai, na kiasi hakizidi shilingi milioni 1, Mahakama ya Madai Madogo inaweza kulisikiza dai lako. Huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa.

Msafiri aliyejiandaa hatapata likizo isiyo na dosari. Mvua itanyesha siku asiyoitarajia, na feri itachelewa. Lakini atakapofika langoni akiwa na watoto na mizigo, mlinzi atalikuta jina lake katika orodha, ufunguo utatolewa, na fedha zilizokusanywa kwa mwaka mzima zitakuwa zimenunua kile zilichokusudiwa kununua.